Jina la Arobaini na Mbili

Stechford, Birmingham
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa shemeji yangu Félicien,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu wako umepoa. Sisi huku hatujambo. Baridi bado haijatoka, ila leo nilirudi kutoka kanisani bila glavu. Denise yuko zamu hospitalini. Junior ametimiza miaka kumi na mbili na anakula kama mafundi watatu. Kiswahili anakielewa chote, lakini mimi nikisema yeye ananijibu kwa Kiingereza, ni kama kuongea na redio.

Nakuandikia kwa sababu yake. Wiki iliyopita alirudi na kazi ya historia. Wanasoma vita vya Wamarekani, jinsi nchi ilivyogawanyika kwa ajili ya watumwa, wakauana wenyewe kwa wenyewe miaka minne. Mwalimu aliwaambia kwamba vita vilipoisha watumwa waliahidiwa mashamba na shule, na haikuchukua muda mabwana wa zamani wakarudi kwa mlango wa nyuma. Junior akaniuliza, sisi kwetu tulikimbia vita gani? Nilikuwa natwanga majani ya sombe. Nikamwambia, vya namna hiyo hiyo.

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba Lwibondo walikuwapo watu walioshika wenzao wakawashusha shimoni kuchimba dhahabu bila malipo, wakawauza kutoka shimo hadi shimo. Na walikuwapo waliokataa. Ndugu na ndugu wakapigana miaka tisa mpaka mashimo yakafunguliwa. Nikamwambia baba yake alishikwa yeye akiwa bado tumboni. Akauliza alizikwa wapi. Shemeji, ndipo nikashika kalamu hii.

Unajua matanga ya Gaston hayajaondolewa hadi leo. Kwenye kambi ya wakimbizi waliniambia tu kwamba alishuka na hakupanda. Kwetu matanga hayaondolewi kwa habari za njiani. Ni lazima mtu wa damu yake asimame aseme, nilikuwapo, alilala pale. Wewe, mdogo wake, ndiye wa damu yake uliyebaki kule, na mlikuwa shimo moja. Mimi bado nafunga kitambaa cheusi. Watu wa hapa wanadhani ni mtindo wangu. Denise amechumbiwa na kijana Mkenya anaitwa Shem, mpole, anajua kunyamaza. Anasubiri. Lakini siwezi kuoza binti huku kilio cha baba yake kiko wazi.

Sikuulizi ili nikuumize. Jana nilikuta kikombe cha maua dukani, kama kile chetu cha zamani, nikakumbuka Gaston alivyokuwa akikishika kwa kiganja kizima, kama mtu aliyeficha kifaranga. Nilikinunua. Niandikie ulichokiona.

Wako,
Jeannine

*

Lwibondo
2 Aprili 2025

Mama Denise,

Barua yako imefika. Mama Mireille, yule anayevusha mawese hadi Kigoma, ameniletea ndani ya sufuria, na hii nakuandikia ataiposta yeye huko huko ng'ambo. Usishangae kwamba sikupigii simu. Mtandao hapa ni wa kupanda kilima, na kilimani daima kuna mtu amekaa. Karatasi ina adabu zaidi.

Mguu ni ule ule. Habari njema ni shule. Madarasa sita yamesimama, manne yana mabati. Watu waliotoka shimoni wamegawiwa viwanja kando ya mto, wengine wamevuna mahindi mara mbili. Utacheka nikikuambia kengele yetu ni nini. Ni ile ringi ya gari iliyokuwa ikining'inia mdomoni mwa shimo, ile waliyoigonga alfajiri tupange mstari. Niliikata nikaitundika mbele ya darasa la kwanza. Siku ya kwanza nilipoigonga, watoto walikimbilia ndani wakicheka. Kule mtoni wanaume watatu waliacha majembe yao wakasimama mstari. Nilikwenda mwenyewe kuwashika mikono na kuwarudisha shambani.

Kuna jambo jingine, na hili ni letu. Nimeandika daftari la majina. Ni watu mia moja themanini na saba walioshuka wasipande, kila mmoja na jina la mama yake. Mwezi wa tisa tutafungua shule rasmi, na tume ya uchunguzi imeahidi kufika. Nitayasoma yote mbele yao. Majina ninayo kichwani, lakini kichwa ni cha mtu mmoja. Daftari silazi nyumbani. Liko darasa la tatu, nyuma ya tofali ambalo halikutiwa saruji, chini ya dirisha.

Gaston yumo. Ni wa arobaini na mbili.

Kuhusu namna alivyolala, nitakuambia. Haki yako naijua. Nipe muda kidogo, Mama Denise, nikae nayo kwanza.

Wasalimie watoto. Mwambie Junior baba yake mdogo amefurahi kwamba anasoma historia.

Félicien

*

Stechford, Birmingham
Jumapili, 18 Mei 2025

Shemeji Félicien,

Barua hii haipiti posta. Inakuja kwa mkono, na mkono wenyewe ni wa mtu wa kwetu. Mungu ni mwema.

Unajua desturi ya kanisa letu, mgeni husimama aseme jina lake na ametoka wapi. Jumapili ya wiki iliyopita akasimama mwanaume wa makamo, amevaa vizuri, akasema anaitwa Hugues, ana duka la simu Small Heath, pale Coventry Road, na kwao ni Lwibondo. Shemeji, nililia mbele za watu. Miaka yote huku sijasikia mtu akilitaja jina hilo kwa mdomo wake isipokuwa mimi mwenyewe nikioga. Amekaa mji huu miaka mitatu, alikuwa akisali kwingine.

Leo tumemwalika chakula. Angalia adabu yake, alivua viatu mlangoni, akatoa leso akavifuta, akavipanga vikitazama nje. Roselyne wa kwaya, yule nesi Mkenya, alikuwapo. Akaninong'oneza jikoni, "Mama Denise, huyu anafuta viatu kuliko anavyonawa." Nikamwambia anyamaze apakue ugali. Roselyne hamwamini mtu yeyote ambaye hajamtoa damu.

Hugues alimfahamu Gaston! Alimtaja kabla sijamtaja mimi. Alisema, yule mwenye sauti ya chini, wa kushika kikombe kwa vidole vitatu. Nikacheka, nikamwambia hapana, mume wangu alishika kwa kiganja kizima, nawe unamchanganya na mtu mwingine. Naye akacheka, akasema labda, siku ni nyingi. Lakini sauti ya chini ni kweli, sivyo? Nilifurahi kwa hiyo tu.

Akaomba habari za nyumbani, nami nikatoa barua yako nikamsomea yote, kama tulivyokuwa tukifanya kambini. Barua ya nyumbani ni ya kila mtu wa nyumbani aliye chini ya paa. Aliinamisha kichwa muda wote. Nilipofika kwenye daftari la majina alisema ni vizuri watu wetu wakumbukwe, akaniomba nirudie pale pa madarasa, yuko darasa gani mwalimu, anafundisha peke yake? Nikamsomea tena. Roselyne aliinuka akaanza kuosha vyombo kwa kelele.

Sasa Hugues anasafiri Jumamosi, anakwenda kumwona kaka yake. Amesema mwenyewe, nipe mzigo, nitafika hadi mlangoni kwake. Nimekuwekea sabuni sita, dawa ya mguu na shati la buluu. Kifungo cha juu kilikuwa kimepotea, nimetia cha kijani, utavumilia. Mpokee vizuri. Mchinjie kuku kama yupo.

Bado nasubiri lile neno kuhusu Gaston. Sikusukumi.

Jeannine

*

Lwibondo
6 Mei 2025

Mama Denise,

Sijangoja jibu lako, kwa sababu mambo hapa yamegeuka na Mama Mireille anavuka kesho.

PDG amerudi. Ni yule yule mwenye shimo, aliyejiita mkurugenzi mkuu, ambaye tulisikia ameshtakiwa, kisha tukasikia amesamehewa, kisha hatukusikia kitu. Alikuja na malori mawili ya mabati. Watu wa wilaya walimpigia makofi. Sasa ni mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi. Alituhutubia kwenye uwanja wa shule yangu, akasema, "Tusahau, tujenge." Mwambie Junior mwalimu wake amesema kweli, ila kwetu hawakupita mlango wa nyuma. Wamewekewa kiti cha mbele.

Jumamosi tatu sasa kuna salongo. Wanasema ni kazi ya kujitolea kwa ajili ya taifa, kusafisha barabara. Asiyekuja anaandikwa. Jumamosi ya kwanza barabara ilifagiliwa. Ya pili watu wakaambiwa wabebe mawe. Ya tatu wakaambiwa waende na majembe kuzunguka shimo, eti lifukiwe, pajengwe ghala. Viwanja vya mtoni wameanza kuuliza hati zake, na hakuna mwenye hati. Ringi imeondolewa shuleni. Wameirudisha ilikokuwa.

Wamenisikia nikizungumza na wajane kuhusu majina, lakini hawajui nimeyaandika. Hawajui kama kuna daftari. Hili ndilo linalonipa pumzi hadi mwezi wa tisa.

Kwa hiyo nakuomba, barua zangu usimsomee mtu. Najua desturi ya kambini, nami niliipenda. Iache. PDG ana mdogo wake, sisi tulimwita Safi. Alikuwa akisimama mdomoni mwa shimo, sisi tumezama kwenye tope hadi magotini, yeye anatoa leso anafuta viatu. Alipomaliza kufuta viatu ndipo alipoamua nani ashuke ngazi ya chini. Nimesikia yuko Uingereza, na katika mji wenu. Nimesikia pia anatarajiwa hapa hivi karibuni. Jina lake la kanisani silijui.

Kuhusu Gaston nianze na kidogo, maana nimeahidi. Mwaka wa kwanza jiwe lilimwangukia mkono wa kulia. Vikabaki vidole vitatu. Alijifunza upya kushika kikombe, akawa anatucheka sisi tuliokuwa tunamhurumia, akisema, "Jeannine akiniona na kikombe hiki atasema si mimi." Hilo la vidole hakuna wa nje anayelijua. Tunalijua tuliokuwa mle na waliokuwa juu yetu.

Yaliyobaki nitaandika.

Félicien

*

Stechford, Birmingham
3 Juni 2025

Félicien, ndugu yangu,

Barua yako ya tarehe sita imefika leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama. Safi ameshaondoka. Ameondoka siku kumi zilizopita na barua yangu mfukoni, na mimi ndiye niliyempa. Nilimsomea kila kitu. Nilimsomea dirisha na tofali.

Alikula mezani kwangu. Aliniambia vidole vitatu, nami nikacheka.

Denise amepiga simu ya Mama Mireille tangu asubuhi, haipatikani. Ametuma ujumbe. Roselyne amekuja, hakusema "nilikuambia", amenishikia tu begi langu hadi posta, tumelipia barua hii iende haraka kuliko zote. Lakini nani atakuletea kutoka Kigoma?

Kama inakufikia, ondoka. Acha daftari, acha shule. Majina tutayatafuta tena. Ondoka usiku huo huo.

Nisamehe.

Jeannine

*

Lwibondo
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mama Denise,

Mgeni wako amefika Jumatatu. Nilimtambua kabla hajafika kwenye mti wa bendera, kwa mwendo wa mtu anayekwepa vumbi. Alinipa sabuni, dawa na shati, halafu barua yako. Gundi ya bahasha ilikuwa mbichi. Nilisoma mbele yake. Nilipofika pa kuku nikamwangalia, akasema, "Mama anakupenda sana." Nilimchinjia. Ulikuwa umeomba.

Kwanza nataka ujue hili ili usilibebe. Daftari hawakulipata. Ilipotokea ile salongo ya majembe nililitoa ukutani, na sasa Mama Mireille analo chini ya mawese yake. Litakufikia likinuka, livumilie. Darasa la tatu wamelibomoa ukuta wote. Safi alisimama anaangalia na leso mkononi. Tangu hapo analala nyumbani kwangu, kwenye mkeka wa sebuleni, karibu na mlango. Ni mgeni, nifanye nini? Shati linanikaa sawasawa, mabega yote, mikono yote, kana kwamba umenipima. Nimelivaa sasa. Kifungo cha kijani kimenipendeza kuliko vyote.

Usijilaumu kwa kusoma barua kwa sauti. Ulitendea watu wa nyumbani kama watu wa nyumbani.

Sasa la Gaston. Nimelichelewesha kwa sababu nilikuwa najificha nyuma yake.

Hukuwahi kuniuliza majina yote hayo nimeyajuaje na majina ya mama zao. Nilikuwa kapita, mnyapara wao. Nilijua kusoma na kuandika, wakanipa orodha. Kila alfajiri ringi ilipigwa, mimi naita, mtu anajibu "Niko", nami namwandika ngazi ya juu au ya chini. Ndiyo maana mguu wangu mmoja tu ndio uliovunjika. Gaston hakunilaumu hata siku moja. Alinijibu "Niko" kama wengine, bila kuniita mdogo wangu, ili nisipate aibu.

Tarehe 20 Agosti 2016 alikuwa na homa. Safi alikuwa anatazama, alikuwa amekwisha kunitania kwamba ndugu yangu nampakata. Niliogopa. Niliita jina la Gaston nikamwandika ngazi ya chini. Saa nne nguzo zilikatika. Waliamuru mdomo wa ngazi ile uzibwe na kazi iendelee upande mwingine, wakati bado kulikuwa na watu wanagonga. Yuko huko, upande wa mashariki, chini ya mwamba wenye mstari mweupe. Walikuwa saba. Nilikuwapo. Mimi ni wa damu yake na nasema, alilala pale. Kwa neno hili uondoe matanga.

Jina langu usilisome pamoja na yao. Wao waliitwa. Mimi nilikuwa naita.

Kesho ni Jumamosi. PDG amenituma mtu jioni hii. Kamati imeona nina sauti nzuri na uzoefu, wanataka niite majina ya watu wa salongo, kama zamani. Nimekubali. Safi alitabasamu akanipigapiga begani. Watu wote wa mtoni watakuwapo, na watu wa wilaya, kwa sababu kuna picha zitapigwa.

Nitaita. Lakini nitaita ya kwenye daftari. Ninayo kichwani.

Félicien

*

Stechford, Birmingham
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kwa shemeji yangu Félicien,

Sijui barua hii naituma wapi. Naiandika tu, kama mtu anavyoandaa sahani ya asiyekuwapo.

Daftari lilifika tarehe moja Julai, pamoja na barua yako ya mwisho. Linanuka mawese, nimelivumilia. Siku mbili baadaye Mama Mireille akampigia Denise. Alitusimulia kwamba ulisimama mdomoni mwa shimo na shati la buluu, ukaita jina la kwanza na la mama yake, na watu wakadhani umekosea. Ukaita la pili. Wanawake wakaanza kuweka majembe chini. Safi akaamuru ringi igongwe ili usisikike, ikagongwa na kugongwa, nawe ukawa unapandisha sauti. Anasema ulifika la arobaini na moja. Kisha walikushika wakakupandisha njia ya kilimani, taratibu, bila kukupiga, kama watu wanaomsindikiza mgonjwa. Tangu hapo hakuna aliyekuona. Salongo ya Jumamosi iliyofuata walikuja watu tisa.

Nikuambie ukweli, nilikuchukia siku nne. Barua yako niliiweka chini ya mfuko wa mchele nisiione. Nilikuwa nasikia watu wanagonga. Siku ya tano nilikumbuka siku Denise alipozaliwa, ulivyoendesha baiskeli toka mji wa Baraka na kuku amefungwa nyuma, ukafika kuku amekufa kwa jua, nawe umesimama mlangoni hujui umkabidhi au umzike. Gaston alicheka hadi akakaa chini. Sikuweza kuendelea kumchukia mtu huyo. Ila sikuambii kwamba imekwisha. Kuna siku inarudi.

Safi alikuja kwangu mwishoni mwa Julai. Alivua viatu akavipanga vikitazama nje. Akasema, "Mwalimu anakusalimu, amesafiri." Akanirudishia shati, limefuliwa, limepigwa pasi. Alisema halikukutosha. Kifungo cha kijani hakikuwapo. Nilimpa chai kwenye kikombe cha maua kwa sababu mikono yangu haikujua kufanya kitu kingine. Aliuliza kama kulikuja mzigo wowote kutoka kwako. Nikamwambia posta ya Kigoma unaijua ilivyo. Junior alikuwa kwenye ngazi, ameshika simu ya dada yake, anasikiliza. Tangu hapo gari lake huwa linapita mtaani kwetu polepole, hasa jioni za Alhamisi. Denise alikwenda polisi, wakaandika maelezo, wakampa namba kwenye kikaratasi. Namba tunayo.

Leo tumeondoa matanga. Asubuhi Roselyne na Denise waliniosha uso kwa maji baridi, nikafungua kitambaa cheusi, nikavaa kitenge changu cha harusi. Kilikuwa na mikunjo ya sanduku, Roselyne akasema niache hivyo hivyo, ni ramani. Kanisani mchungaji alinipa nafasi. Nikasema mbele ya watu neno lako, kwamba mdogo wake Gaston alikuwapo, na amesema alilala pale. Halafu nikafungua daftari.

Safi alikuwa amekaa safu ya tatu.

Nilitaka kulifunga. Nilimwona anatoa leso. Nikaanza kusoma. Hakuna aliyejibu, watu hawakujua kama hujibiwa, na baada ya kila jina nikasikia hata basi likipita nje. Nilisoma arobaini na moja, yale yale uliyoyafikia. Nikavuta pumzi nikaita, Gaston, mtoto wa Véronique.

Na nyuma kabisa mtoto akasema, "Niko."

Ni Junior. Alikuwa amesimama. Jina ni lake pia, lakini sikuwahi kumweleza habari ya kuitika. Kumbe barua zote za mwaka huu amezisoma kwa siri, polepole, neno kwa neno. Hajawahi kunijibu kwa Kiswahili tangu aanze shule. Baada ya hapo nilipoita la arobaini na tatu akaitika Roselyne, la arobaini na nne akaitika mtu nisiyemjua, na yakaendelea hivyo hadi mwisho, yote mia moja themanini na saba, kila jina na mtu wake. Mtu mmoja tu hakufungua mdomo.

Mlangoni alinipa mkono. Alisema, "Umesoma vizuri, mama. Nakala ziko ngapi?" Nikamwambia mimi sikusoma sana, hesabu amuulize Denise. Denise alikuwa nyuma yangu, akamwambia, "Acha kuhesabu, papa. Tume wanayo." Akatabasamu, akainama, akafuta kiatu cha kushoto, akaenda zake. Sasa ni jioni, natazama nje kupitia pazia, na nadhani lile gari jeusi chini ya taa ni lake. Si Alhamisi leo.

Shem amepewa tarehe ya Desemba. Hajui afanye nini kwa furaha, amenunua viti.

Jina lako sikulisoma, kama ulivyoomba. Lakini daftari ni la shule, na kwenye jalada kuna mstari wa kuandika jina la mwenyewe, nawe uliuacha mtupu. Nimekuandika hapo, kwa penseli. Ukirudi unaweza kufuta.

Kama uko hai, tuma hata neno moja kwa Mama Mireille. Kama umekwisha kufika alipo Gaston, mwambie sasa najua kile kikombe cha vidole vitatu ni chake. Na mahali popote ulipo, ukiwa unayataja majina kichwani kama ulivyozoea, ukifika mwisho, unikumbuke na mimi.

Jeannine